Kaptura ya Saning'o

Ukitembea na huyu kijana mjini Kitengela, hutafika unakoenda. Muuza nyama ataacha kisu ubaoni na kutoka nje na aproni yake ya damu, "Saning'o! Saning'o wetu!" Watu wa bodaboda watapiga honi. Mama wa mboga atamshika mkono, aukunjue, amwonyeshe mwenzake: "Ona, mkono wenyewe ndio huu." Hata polisi wa barabarani atasimamisha magari ampishe. Na yeye atainua ngumi juu, atabasamu, aendelee na safari yake.

Basi wacha nikuambie kitu ambacho nusu ya watu hao hawakijui, na nusu nyingine wameamua kukisahau, kitu ambacho kinanikera mpaka leo. Huyo si Saning'o. Huyo ni Koinet. Saning'o alikuwa kaka yake mkubwa, na Saning'o yuko chini ya udongo siku nyingi. Mikanda yote hiyo, picha zote hizo za ukutani, na bado Koinet anatafuta jambo moja tu duniani: mama yake amwite kwa jina lake. Na mama yake hataki.

Haya, turudi nyuma kidogo.

Upande ule wa Kitengela unaoelekea Isinya, kabla haujajaa maghorofa na mabango ya ploti, baba yao alikuwa na ardhi ya kutosha ng'ombe kupotea ndani yake. Aliiuza kipande kwa kipande, kama mtu anayekata mkate, na kila kipande akakinywa. Alipokufa, mjane wake hakuwa na mahali pa kuchomeka mti. Tajiri mmoja wa Nairobi aliyenunua kipande cha mwisho akamwonea huruma, akamjengea chumba cha mabati kwenye kona ya ploti awe anailinda. Kona yenyewe ndipo lilipokuwa zizi la ng'ombe wao. Hebu fikiria hiyo! Unalinda ardhi ya mume wako isiingiliwe na watu wenye shida kama zako, na ikifika mwisho wa mwezi unasema asante.

Mama huyo, ambaye zamani ng'ombe walimjua kwa sauti, sasa alikuwa ananunua maziwa ya wengine alfajiri na kuyazungusha kwenye nyumba za wapangaji kwa mtungi wa plastiki. Wateja wake, Wakamba, Waluhya, Wakisii, walimwita Mama Saning'o, kwa jina la kifungua mimba wake, kama ilivyo desturi. Alilipenda jina hilo. Ukiliita mbali alikuwa anageuka kabla hujamaliza.

Na Saning'o naye alikuwa mtu wa makelele. Alibeba simiti kwenye duka la vifaa vya ujenzi mchana kutwa, na jioni, badala ya kulala kama watu, alikuwa anapiga ngumi gunia la maranda alilolifunga kwenye nguzo ya fensi. Koinet, mdogo wake, kazi yake ilikuwa kulishika gunia lisiyumbe.

"Shika vizuri wewe! Kwani umeshika kuku?"

Kabla ya kuanza lazima ajitangaze. Alikuwa anapanua mikono, anatazama ile fensi kana kwamba imejaa watu, na kunguruma kwa sauti ya redioni: "Naaa katika kona nyekundu, kutoka Kitengela, Saning'oooo!" Hapo Koinet anagonga sufuria kwa mwiko, ndiyo kengele, na raundi inaanza. Mama yao alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. "Wewe utajiita mpaka siku moja upasuke," alimwambia. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yao, na usifikiri ni kwa sababu ya njaa nawaonea huruma. Njaa ilikuwepo, lakini nyumba ile ilikuwa na sauti.

Kulikuwa na kocha mmoja, Wanyonyi, mtu wa Bungoma, aliyekuwa akifundisha vijana ngumi katika banda la mabati ambamo zamani waliweka nyasi kavu za kuuza. Mkali, lakini roho safi. Alimwona Saning'o, akampenda, akamtafutia pigano lake la kwanza la kulipwa jijini Nairobi. Na ili asiende kuaibika mbele ya watu wa jiji, akatoa mfukoni mwake akamshonesha kaptura kwa Mbeke, fundi wa sokoni. Kaptura nyekundu ya kung'aa, na kwenye mkanda wa kiunoni herufi nyeupe kubwa: SANING'O. Siku hiyo Saning'o aliivaa juu ya suruali, akazunguka nayo chumbani, akaenda kuwaonyesha majirani, akarudi, akazunguka tena.

"Vua utaichakaza kabla ya siku," mama yake akamwambia.

Hakuwahi kuivaa ulingoni. Wiki ya pigano alikuwa anakimbia mazoezi asubuhi kando ya barabara ya Namanga, lori la kokoto likapanda ukingo. Dereva alisema hakumwona. Labda ni kweli, sijui.

Walimzika. Mchungaji aliomba, wakaimba, watu wakatawanyika. Ndipo mzee wa ukoo, ndugu ya marehemu baba yao, akamwita Koinet na mama yake kando ya nyumba. Alisema maneno machache, na hakuna aliyeyashangaa kwa sababu Wamaasai wote wanayajua. Kijana amekufa bila kuacha mtoto. Jina lake limekwenda naye. Halitatajwa tena hapa nyumbani. Asumbuliwe kwa nini? Na huyu mama kuanzia leo ni Mama Koinet.

Mama akaitikia. Akapita kwa wateja wake mmoja mmoja na mtungi wake, akawaambia hivyo hivyo: mimi sasa ni Mama Koinet. Wengine walielewa, wengine wakaona ni mambo ya kimila yaliyopitwa na wakati, lakini wote wakajitahidi. Ungesikia mtu ameanza, "Mama Sa..." halafu anameza. Alikuwa mama wa kanisa huyu, wa mstari wa mbele na kitambaa kichwani, lakini jambo hilo lilikuwa ndani yake kabla ya kanisa. Ndivyo alivyomlaza mtoto wake. Nguo za Saning'o ziliondoka, picha ikaondoka, gunia la maranda likafunguliwa na kumwagwa.

Sasa wewe mwenye busara niambie, Koinet angefanya nini? Alikuwa kijana ndio ametoka shule, amezoea kelele, na ghafla nyumba imenyamaza kiasi kwamba unasikia mabati yakipata joto. Hakuwa na ruhusa hata ya kusema namkumbuka fulani. Akawa anatembea na jina limemkwama kooni. Siku moja alienda kwenye banda la Wanyonyi kuchukua vitu vya kaka yake vilivyobaki, akaliona gunia la ngozi, akalipiga. Akalipiga tena. Kila ngumi, kimoyomoyo, alikuwa analitaja. Wanyonyi alisimama mlangoni akamwangalia, na jinsi alivyosema baadaye, nywele zilimsimama.

"Wewe ni mzuri kuliko yeye," alimwambia.

Koinet akaanza kulia palepale, na bado anapiga.

Mwaka haukuisha akapata pigano lake la kwanza Nairobi. Mama alijua, na hakukataa. Kwa kweli alimfanyia jambo la baraka: asubuhi ya kuondoka alimshika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaitemea mate kidogo kama wanavyobariki watu wake, akasema, "Nenda, Koinet. Ngai awe mbele yako." Kumbuka hilo. Ilikuwa mara ya mwisho.

Huko Nairobi, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ikagundulika Koinet hana kaptura ya kuvaa. Ile ya mazoezi ilikuwa imepasuka matakoni. Wanyonyi akafungua begi lake, akatoa ile nyekundu, aliyokuwa ameihifadhi tangu msiba.

"Kocha, hiyo siwezi."

"Kwa nini? Ni ya ndugu yako. Ilitengenezwa ipande ulingo, acha ipande."

"Iko na jina."

"Sasa? Jina ni vibaya?"

Hapa ndipo watu wawili wenye nia njema walipoiharibu dunia ya mtu wa tatu. Wanyonyi ni Mbukusu. Kwao mtu akifa, mtoto anayezaliwa anapewa jina lake asipotee, na jina lisipoitwa ndiyo msiba wenyewe. Yeye mwenyewe jina lake ni la babu yake. Aliona anamtendea Saning'o wema mkubwa. Koinet aliijua desturi yake vizuri, hakuwa mtoto, lakini mtangazaji alikuwa tayari anaita, muda umekwisha. Akaivaa.

Mtangazaji hakuwa hata na haja ya kuangalia karatasi. Alisoma kiunoni. "Naaa katika kona nyekundu, kutoka Kitengela, Saning'oooo!"

Neno kwa neno! Kama pale fensini. Koinet aliniambia mimi mwenyewe kwamba aligeuka kutazama nyuma. Hakuwa amelisikia kwa sauti tangu mazishi, na sasa ukumbi mzima ulikuwa unalirudisha, watu ambao hawakumjua, wanalitafuna kwa raha zao. Angeweza kumwita mtangazaji akamsahihisha. Alitaka lisikike tena. Kwa hiyo akampiga yule kijana wa watu mpaka mwamuzi akamwonea huruma, ili tu lisikike tena, na likasikika, mara mbili, mkono wake ukiwa juu.

Habari zilifika Kitengela kabla yake. Asubuhi mama alibisha mlango wa mteja wa kwanza na mtungi wake, na mteja akamrukia kwa furaha: "Mama Saning'o! Hongera! Saning'o ameshinda!" Maziwa yalimwagika kizingitini. Alimaliza njia yake yote akiitwa hivyo, nyumba baada ya nyumba. Unadhani kuna aliyemeza tena? Wapi! Walikuwa wamepata ruhusa.

Koinet alimkuta amekaa nje juu ya ndoo, mikono mapajani.

"Wewe uko na jina," alimwambia. "Mimi ndio nilikupa. Limekosa nini?"

"Yieyo, mama, ilikuwa kaptura tu. Hakukuwa na ingine."

"Nilimlaza. Niliteseka nikamlaza. Leo watu wamemwamsha kwa kila mlango."

"Pigano lingine moja tu, Yieyo. Wameshaandika kwenye mabango. Nikimaliza hilo naacha."

Mama aliinuka akaenda kuosha mtungi. Naye Koinet akaenda akapigana lile lingine, akashinda, na mabango ya lile lililofuata yalikuwa yameshaandikwa.

Siwezi kukuhesabia mapigano. Jua tu kwamba alipanda. Kijana aliyekuwa anakula ugali na chumvi alianza kuhojiwa redioni. Alipata promota, Roy, kijana wa Nairobi wa viatu vyeupe, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mfanyabiashara. Koinet alimweleza habari ya jina na Roy akamsikiliza kwa heshima zote.

"Pole sana buda, kwa ukweli. Lakini Koinet ni nani? Hakuna msee anajua Koinet. Wakikuja ukumbini wanakuja kuona Saning'o. Shinda ubingwa wa Kenya kwanza, halafu tutabadilisha pole pole."

Kwa Wanyonyi pia alienda. Yule akakasirika kabisa.

"Mama yako anamfukia mtoto mara ya pili! Mwambie mimi nimesema."

Koinet hangeweza kumpelekea mama maneno kama hayo. Na yale ya mama hangeweza kumpelekea kocha, maana mama naye alikuwa amesema, "Huyo mtu anafukua mtoto wangu ili watu walipe waone." Akabaki nayo yote mawili tumboni. Kila alipokuwa anaondoka kwenda kupigana alimnyoshea mama viganja, na kila mara mama alikuwa na kitu mkononi, mwiko, kuni, kitambaa, hana nafasi ya kumshika.

Akashinda ubingwa wa Kenya. Na hapo, jamani, alifanya jambo ambalo kila mtu wa Kitengela atakusimulia kwa fahari. Alimfuata yule tajiri wa Nairobi akainunua ploti. Ile ile. Ardhi ya baba yake, hata kama ni kipande, ikarudi mikononi mwa mtoto wake, na mahali pa kile chumba cha mabati akajenga nyumba ya mawe, ina tangi, ina jiko la ndani, ina veranda ya mama kuotea jua. Kwa miezi ile ya ujenzi mama alikuwa amepanga chumba mjini. Alikuwa ameanza kulainika. Alienda akaiona misingi, akagusa jiwe, akasema, "Hapa ndipo ndama walikuwa wanalala." Koinet alikwenda kando akalia kwa furaha. Alijiambia akiingia humu, akilala humu, atanisamehe.

Siku ya kuhamia, Koinet alitangulia alfajiri kwenda kuleta vitanda. Wanyonyi naye, maskini Wanyonyi, alikuwa ameficha zawadi. Alikuwa amekubaliana na Kiema, fundi wa kuchomelea vyuma, watengeneze geti la kushangaza watu, na asubuhi hiyo wakalifunga. Geti jeusi, la nguvu, na juu yake herufi za chuma zilizopakwa rangi ya dhahabu, kila moja ukubwa wa sahani.

Mama alifika kwa miguu na kifurushi chake kichwani. Alikuwa anajua kusoma, alijifunza kwa Biblia ya Kimaasai, pole pole, midomo ikitembea. Koinet alikuwa anakuja kutoka upande wa pili na vitanda juu ya mkokoteni, akamwona kwa mbali amesimama mbele ya geti. Akaiona midomo yake ikianza, S, A, N, halafu ikasimama. Wanyonyi na Kiema walikuwa wanapiga makofi. "Karibu kwako, Mama Saning'o!" Mama akageuka na kifurushi chake kichwani akaondoka.

Koinet alichukua mashine ya Kiema ya kukatia chuma akazikata zile herufi moja moja, cheche zikimrukia usoni, Wanyonyi akimlilia kwamba hakujua, hakujua. Herufi zilitoka. Lakini mahali pake, pale rangi ilipoungua, pakabaki pakisomeka. Alipaka rangi juu yake, na jua likipiga bado unasoma.

Jioni ile alienda kwenye chumba cha mama akakuta amefungasha. Anakwenda Illasit, kule mpakani chini ya Kilimanjaro, kwa dada yake mdogo, akamsaidie shambani. Akamuaga kwa adabu, kama mtu anavyomuaga jirani.

Sasa likaja pigano la ubingwa wa Afrika. Kila mtu aliota kuhusu mkanda. Koinet aliota kitu kingine. Alimwendea mtangazaji mapema, akamshika mkono, akamwambia: leo mimi ni Koinet. Koinet, umesikia? Kaptura alikuwa ameshonewa mpya kabisa, ya buluu, haina hata herufi moja. Roy alishika kichwa, lakini aliona macho ya kijana akanyamaza. Hesabu ya Koinet ilikuwa kwamba pigano litatangazwa redioni nchi nzima, na redio ziko hata Illasit, na mama atasikia. Atajua mwanawe amemwacha kaka yake alale.

"Naaa katika kona ya buluu, kutoka Kitengela... Koineeet!"

Watu walitazamana. Ungesikia mtu anauliza, "Ni nani huyo? Kwani Saning'o amejitoa?" Mwingine akaanza kuzomea, anadhani wamedanganywa. Halafu huko nyuma, viti vya bei rahisi, vijana wa Kitengela wenyewe, waliokuja kwa upendo wao wote, wakaanza kupiga miguu sakafuni. Saning'o. Saning'o. Ukumbi ukashika moto. Na mtangazaji, mtu wa kazi yake, akacheka kwenye maikrofoni: "Haya haya, nimewasikia! Saning'oooo!"

Pale ulingoni Koinet alijiona tena yule mtoto wa kugonga sufuria. Alipigana vizuri kuliko siku zote za maisha yake, na kwa nini asipigane, hakuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yake. Raundi za mwisho mpinzani alikuwa anajishikilia tu. Walipomfunga mkanda machozi yalimtoka hadharani. Magazeti yakaandika machozi ya furaha.

Baada ya siku mbili akaenda Illasit. Hakwenda na mkanda wala na Roy. Alivaa kofia na miwani, akashuka pale kituoni penye magunia ya vitunguu na kreti za nyanya, Kilimanjaro imejifunika mawingu, akamuuliza mama mmoja aliyekuwa anauza viazi.

"Naulizia kwa Mama Koinet. Ametoka Kitengela, anakaa na dada yake."

"Mama nani? Huyo hatuna." Akawaza kidogo. "Ama unasema Tabitha? Mmaasai mrefu, wa kuuza maharagwe?"

"Ndio. Tabitha."

"Ah, sema hivyo. Fuata ile njia ya mfereji. Lakini yeye si mama wa mtu. Alituambia hana watoto."

Njia nzima ya mfereji Koinet alijiambia huyu mwanamke wa viazi hajui anachosema.

Alimkuta nje ya nyumba ya dada yake, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharagwe ndani ya ungo. Dada mtu alikuwa ameenda shambani. Redio ndogo ilikuwa dirishani, imewashwa, inazungumza habari za bei ya nyanya.

"Takwenya, Yieyo."

"Iko," akajibu. Akamtazama. Hakushangaa na hakusimama. "Umefika. Keti."

Akaenda jikoni akamletea chai kwa kikombe cha wageni, kile chenye kisahani. Koinet alikunywa kidogo, akakiweka chini.

"Yieyo, ulisikiliza redio juzi?"

"Nilisikiliza."

"Ulisikia basi. Niliwaambia waniite Koinet. Niliwaambia mbele ya watu wote."

"Nilisikia. Nikasikia na vile watu walikataa."

"Mimi nimeacha, Yieyo. Naapa. Ile kaptura nimeichoma. Wao wataita vile wanataka, mimi sitaitika tena. Rudi nyumbani. Na kama hutaki kurudi, ni sawa, lakini niite tu. Niite jina langu, mara moja, nisikie."

Alikuwa amepiga magoti mbele ya ule ungo bila kujua, mwanamume aliyewaangusha wanaume Afrika nzima, na alikuwa amenyosha mikono, viganja juu. Mama aliitazama ile mikono kwa muda. Vifundo vilikuwa bado vimevimba. Nusura aishike, Koinet anaapa kwamba aliona kidole kimesogea. Halafu akarudi kwenye maharagwe.

"Mimi nilizaa wavulana wawili," alisema. Sauti haikuwa na hasira, na afadhali ingekuwa nayo. "Mmoja nasikia anaitwa kila siku. Kitengela anaitwa, Nairobi anaitwa, hata hapa watoto wakicheza ngumi wanajiita yeye. Mtu anaitwa hivyo ni mzima. Nilikataa, nikachoka kukataa. Basi ni yule mwingine alikufa. Huyo sijasikia mtu akimwita siku nyingi sana. Hata juzi walijaribu, hakuna mtu alimjua."

"Yieyo, ni mimi. Mimi huyu hapa."

"Na hakuacha mtoto," mama akasema. Akatoa jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa kando. "Na wewe unajua kwetu mtu wa namna hiyo hatumtaji."

Koinet alikaa pale mpaka chai ikapoa. Mama alimaliza ungo ule, akaujaza tena. Mwishowe akamuuliza kwa upole, kama unavyomuuliza mgeni ambaye hutaki aone unamfukuza, kama anarudi leo au atatafuta mahali pa kulala Loitokitok. Akasema anarudi. Mama akamsindikiza hadi mwisho wa fensi, maana ndiyo heshima, akamtakia safari njema.

Alirudi kwa njia ile ya mfereji. Joto lilikuwa limemfanya avue kofia, na miwani sikumbuki alisema aliiacha wapi, nadhani chini pale kwenye kigoda. Alipotokea kituoni kijana mmoja wa bodaboda alimtazama mara moja, akamtazama tena, akaruka juu ya kiti cha pikipiki yake.

"Wacha! Saning'o! Majamaa, ni Saning'o!"

Walikuja mbio kutoka kila upande, wapakiaji wa nyanya, watoto wa shule, yule mama wa viazi na mikono yake ya udongo. Saning'o, Saning'o. Koinet alisimama katikati yao. Alikuwa ameapa hataitika, na hakuwa amefikisha hata saa moja. Lakini walikuwa wanamwita, na hapakuwa na mtu mwingine popote aliyekuwa anamwita kitu kingine.

Akainua mkono.